Koti la Mifuko Saba

Harufu inayonirudisha mjini Baraka upesi kuliko picha yoyote ni ya pasi ya makaa inapopita juu ya kitambaa kipya kilichonyunyiziwa maji. Ni harufu ya mvuke na majivu kidogo, na nyuma yake, kwa kuwa tulikuwa Baraka na si penginepo, harufu ya ndagala, dagaa wa kwetu, walioanikwa upande wa ziwa. Baba yangu alikuwa fundi wa nguo. Cherehani yake ilikaa kwenye baraza ya duka la Mreno tuliyemwita Bwana Zeka, mgane mnene aliyeishi kwetu miaka mingi hadi akawa anagombana kwa Kibembe na kuomba radhi kwa Kiswahili. Nikitoka shule nilikwenda moja kwa moja barazani kushona vifungo na kunyofoa nyuzi za kushikizia, na Baba alinilipa kwa sifa, ambazo hakuwa bahili nazo. Alikuwa na desturi moja iliyowachekesha watu. Nguo yoyote aliyoishona, iwe suruali ya mwalimu au kaptula ya mtoto, aliitia mfuko mmoja mdogo wa siri ambao mteja hakuuagiza. Aliuita mfuko wa safari. Ukimuuliza ni wa nini, alijibu, "Muntu hajui ataokota nini mu njia." Wateja wengine walivaa nguo zake mpaka zikachakaa bila kujua kwamba walikuwa na mfuko huo.

Nilikuwa na miaka kumi na mmoja, na serikali yenyewe wakati ule ilikuwa imeingia kwenye mazingaombwe. Tulilala Kongo tukaamka Zaire, na wala hatukuwa tumehama. Mto ulibadilishwa jina, pesa zikabadilishwa jina, na mwisho ikawa zamu yetu sisi wenyewe. Mwalimu alisimama mbele ya darasa na daftari, akatueleza kwamba majina ya ubatizo yaliletwa na wakoloni na sasa yanaondoka kama walivyoondoka wao. Mimi niliyetoka nyumbani asubuhi nikiitwa Rebeka nilirudi mchana naitwa Riziki. Koko, ndivyo tulivyomwita mama yake Baba, aliuliza Rebeka amepelekwa wapi, na hakuna aliyeweza kumjibu vizuri. Wanaume nao waliagizwa kuacha tai na suti za Kizungu, wavae koti lililofungwa vifungo hadi kooni, lile lililoitwa abakosi. Baba alishona abakosi nyingi hadi akawa anaota kola. Na hadharani kila mtu alikuwa "sitwayeni", yaani raia, mkubwa kwa mdogo, ingawa wadogo walilitamka neno hilo wameinama.

Koko alikuwa mwanamke mfupi mwenye mikono ya jembe na ulimi usiomuogopa mtu. Kitu kimoja tu alikifanya kimyakimya. Kila mwezi alitoa kwenye kikapu chake shati la mirabaraba ya bluu, akalifua kwa sabuni ya mawese, kisha akalianika ndani ya nyumba, kwenye kamba iliyokatiza chumba chetu. Lilikuwa shati la Alenga, mwanawe wa mwisho, mdogo wake Baba. Wakati wa uasi dhidi ya serikali, mimi nikiwa bado nabebwa mgongoni, Alenga alipanda milimani upande wa Fizi kumchukua mjomba wake mgonjwa. Alikuwa na miaka kumi na saba, na hakushuka tena. Wengine walisema alivuka ziwa akaenda Kigoma, wengine ati waasi walimshika akabaki nao, wengine ati askari walimkuta njiani. Yote hayo yalisemwa kwa sauti ya chini, kwa sababu miaka ile kuwa na mtoto milimani lilikuwa shtaka, na waliouliza sana waliitwa kwenda kuulizwa wao. Ndiyo maana shati lilikaukia ndani. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na Koko aliujua akiwa amefunga mlango. Nyumba nzima ilinukia sabuni kwa siku mbili, na sisi tulijifanya hatusikii.

Kiangazi kile, lori la Uvira lilimshusha mbele ya duka mtu mrefu, mwembamba, mwenye masikio makubwa na masanduku manne. Alikuwa Simau, mdogo wake Bwana Zeka. Tuliambiwa kwamba kwao Ureno hakuna asiyemjua, na Bwana Zeka alitutafsiria maisha ya ndugu yake kipande kwa kipande, kwa fahari ya kaka. Walizaliwa katika mji wa wavuvi. Akiwa na miaka tisa Simau alivunjika mguu, akalazwa kitanda jirani na askari mzee aliyemfundisha kuchezea karata ili wasahau maumivu wote wawili. Mguu ulipona, karata hakuziacha. Alianzia kwenye sikukuu za makanisa ya vijijini, akiwatoa vifaranga masikioni mwa watu waliokuja kumwona mtakatifu. Baadaye akapata nafasi katika kumbi za maonyesho za mji mkuu, akiwekwa mwanzo kabisa, wakati watu bado wanatafuta viti vyao. Alisafiri na meli hadi Brazili, akafika Angola, na mwisho wakamwita kwenye televisheni, ambako kila Jumapili alionekana nchi nzima. Baraka hatukuwa na televisheni. Bwana Zeka akatueleza kwamba ndugu yake anaingia ndani ya kisanduku na watu wanamtazama wakiwa nyumbani kwao. Koko, aliyekuwa amemletea Baba chakula, aliiangalia miguu ya mgeni toka juu hadi chini, kisha akauliza, "Hii miguu banaikunja namna gani?" Simau alipotafsiriwa alicheka mpaka akakaa chini, na tangu siku ile kila alipomwona Koko alivua kofia.

Aliahidi kutuonyesha kazi yake Jumamosi, uwanjani kwa shule, bure. Bwana Zeka alibandika mlangoni bango lenye jina la ndugu yake kwa herufi kubwa na picha yake akiwa na koti jeusi lenye mikia nyuma, kofia ndefu na tai ya kipepeo. Halikukaa saa mbili. Mkubwa mmoja wa chama, ambaye jina lake naliacha huko huko aliko, alipita, akasimama, akalitazama kama anayesoma barua ya matusi. "Ile kamba ya shingo haitapanda jukwaa mu Zaire," alisema. Bwana Zeka akajitetea kwamba ndugu yake ni mgeni. Akajibiwa kwamba yeye ndiye mgeni, jukwaa si geni. Atavaa abakosi kama sitwayeni wengine au hatapanda kabisa. Tulidhani ni jambo dogo, nguo ni nguo. Lakini Simau alikaa juu ya sanduku lake amepauka, kisha akamwita Baba ndani ya duka, akalifungua lile koti na kumwonyesha tumbo lake. Siri ya mtungi aijuaye kata. Ndani kulikuwa na mifuko sita iliyojificha, kila mmoja na umbo lake: wa mayai, wa leso za hariri, wa karata, wa njiwa, na mingine ambayo hadi leo sijui ilikuwa ya nini. Bila koti lile Simau alikuwa mtu mrefu mwenye masikio makubwa, basi. Na siku ile ilikuwa Jumatano.

Baba aliingiza cherehani ndani, akafunga mlango, tukashona siku tatu. Abakosi hubana mwili na haina mikia, kwa hiyo kila mfuko ulitafutiwa makao mapya, kama wageni wengi wanaopangwa katika nyumba ndogo: huyu chini ya kwapa, yule nyuma ya safu ya vifungo, mwingine kwenye pindo la uongo mgongoni. Simau alisimama ameinua mikono, akihesabu kwa kunong'ona, akichovya vidole hapa na pale, akitikisa kichwa, na Baba akifumua na kuanza tena bila kulalamika. Sijapata kuona wanaume wawili wasiojua lugha moja wakielewana vile. Lilipokwisha, Simau alijaribu mifuko yake sita, akatabasamu, kisha vidole vyake vikaangukia wa saba, mdogo, upande wa kushoto chini ya moyo. Akamwangalia Baba. Baba aliona haya, akaeleza, Bwana Zeka akitafsiri, habari ya mfuko wa safari. Simau hakucheka. Aliupapasa kutoka nje, akalifunga koti vifungo vyote, mfuko akauacha mtupu.

Mimi nilitafutiwa kazi nyingine. Msichana aliyekuwa akimsaidia alikuwa amebaki Luanda na homa, na ndani ya moja ya masanduku yale manne kulikuwa na jingine la kukunja, lenye sakafu mbili, ambamo mtu mdogo aliweza kulala katikati bila kuonekana. Simau alinipima kwa macho tu. Nikafundishwa kupanda, kujikunja, kuteleza na kunyamaza. Kisha akatuapisha, mimi na Baba, mikono yetu juu ya cherehani, kwamba hatutamwambia mtu yeyote, hata yule anayetupikia. Anayetupikia alikuwa Koko, kwa sababu mama yangu alifariki siku nilipozaliwa.

Wakati sisi tukishona, habari ilikuwa imekwisha kutangazwa. Kazi hiyo alipewa Karani Wilondja, kijana mpole wa ofisini ambaye Kifaransa chake kilisifiwa hadi Mboko. Alipewa karatasi yenye neno la Kifaransa la kazi ya Simau, na hapo ndipo alipokwama, kwa sababu kwetu hapakuwa na neno lake. Mazingaombwe na kiinimacho ni maneno niliyojifunza ukubwani, vitabuni. Angesema mulozi, yaani mchawi, Simau angepigwa mawe. Angesema muganga, wachungaji wangekuja juu. Wilondja alifikiri, akaliacha jina akaeleza kazi. Akapita Baraka nzima na kipaza sauti cha bati, akiwaita watu waje Jumamosi shuleni: "Siku ya posho, saa tisa, kwa masomo! Kutakuwa muntu mwenye anapoteza bantu na anabarudisha!" Ilikuwa tafsiri sahihi kabisa. Sijui kama angeweza kupata nyingine iliyo bora. Lakini katika mji kama wetu, baada ya miaka ile, maneno hayo hayakuwa ya kupitisha njiani hivi hivi.

Ijumaa asubuhi tulikuwa shambani, mimi na Koko, tukichimba mihogo. Alikuwa amekwisha kujua kwamba mtoto atakayepotezwa ni mimi, kwa maana tulichoapa kuficha ni siri ya sanduku tu, na nilishangaa kwamba hakupinga. Alichimba mashina matatu, kisha akajiegemeza kwenye jembe. "Riziki," aliniita, ingawa jina hilo alilitumia kwa nadra, akaulizia mahali nitakapokwenda, "ile fasi utaenda, kama sanduku itafungwa, ni fasi ya bale bantu banapoteaka?" Nilikuwa na kiapo kooni. Nilikuwa pia, lazima niseme, na majivuno ya mtoto anayejua siri ya wakubwa. Nikajibu, "Ndiyo, Koko." Akapangusa udongo mikononi polepole. "Basi ukifika kule umutafute Alenga. Iko murefu, na kovu hapa, ku kidevu. Umuambie mama yake iko anamungojea." Nikajibu tena, "Ndiyo, Koko." Akarudi kuchimba akiimba wimbo wa kanisani, kitu ambacho sikuwa nimekisikia kwake tangu nipate akili. Nilibeba mihogo hadi nyumbani na ilikuwa mizito kuliko siku zote.

Jumamosi saa tisa uwanja wa shule ulijaa hadi juu ya miti ya ua. Wakubwa wa chama walikaa kwenye viti mbele, Wilondja akasimama kando ya jukwaa la meza za darasani. Simau alitokea katika abakosi yake nyeusi, na lile koti, nasema bila kumpendelea Baba, lilimkaa vizuri kuliko la zamani. Alianza vibaya. Mkono ulikwenda kutafuta leso mahali ilipokuwa zamani, ukakuta kitambaa kitupu, na nilimwona Baba akifumba macho. Kisha vidole vikakumbuka. Leso zikatoka mfululizo, yai likapotea na kupatikana ndevuni kwa mzee mmoja, njiwa akaruka kutoka kwenye sahani, na kina mama wakapiga vigelegele na kushikana mikono. Nikaitwa. Nilipanda kwenye sanduku, kifuniko kikashuka, nami nikateleza chini ya ubao kama nilivyofundishwa. Mle ndani mlinuka vanishi na kafuri. Nilisikia kifuniko kikifunguliwa juu yangu, na mara uwanja wote ukanyamaza. Katika kimya kile nikasikia sauti ya Koko. Hakuniita Riziki. Aliita, "Rebeka!" jina lililokatazwa, mbele ya wakubwa wote, mara ya kwanza kwa nguvu, mara ya pili sauti ikiwa imepasuka. Nilikuwa mbali naye hatua kumi. Nilitaka kujibu hata nikauma mkono wa gauni langu. Ni jambo la ajabu kuitwa na mtu anayekupenda na wewe uko hapo hapo unamsikia na huwezi kutoka.

Niliporudishwa, kelele zilikuwa kubwa hata sikujua nimesimama juu ya nini. Koko alikuwa amekwisha kupenya viti vya wakubwa na kufika chini ya jukwaa. Hakuniuliza kama ni mzima. Aliinua uso akasema, si kwa sauti kubwa, lakini watu walikuwa wameanza kunyamaza wamsikilize, "Ulimuona?"

Mkubwa wa chama aligeuka kwenye kiti. "Alimuona nani?" aliuliza. "Mama, nani yako anapotea?"

Watu wa mtaa wetu wote walijua ni nani, na walijua pia jina hilo likitamkwa pale litatupeleka wapi, sisi na Baba na labda Bwana Zeka. Wilondja alimtazama Koko, akamtazama mkubwa, akajipangusa jasho kwa kiganja. "Kuku yake, sitwayeni," alisema. "Kuku yake ya mayai ilipotea. Anauliza kama mutoto aliiona kule." Akamgeukia Simau, akamwambia hivyo hivyo kwa Kifaransa, ambacho Simau alikifahamu kidogo. Simau alifurahi, kwa kuwa hilo liliwezekana. Akachovya mkono kwapani, akatoa yai, akashuka jukwaani akampa Koko huku ameinama kama mbele ya malkia. Watu wakacheka, na waliojua ukweli walicheka zaidi ya wote. Wilondja alituokoa siku ile, na nilimshukuru hadi alipokufa. Lakini mimi namkumbuka Koko amesimama na yai mkononi, akiniangalia mimi tu, akingoja jibu. Sikusema kitu. Katika yote niliyoyafanya utotoni, hilo ndilo ningeomba kulirudia.

Alirudi nyumbani, akalitoa shati kikapuni, akalipakata. Hakupika. Nilimfuata Baba nyuma ya nyumba nikamwambia yote, habari ya shambani, habari ya Alenga na kovu la kidevuni, na kwamba nilisema ndiyo mara mbili. Nilitegemea kofi. Baba aliondoa utepe wa kupimia shingoni mwake, akauviringisha mkononi, akauviringua tena. "Hata mie nilinyamaza," alisema. Kisha akaenda kwa Bwana Zeka.

Jumapili baada ya kanisa walikuja ndugu wote wawili. Simau alivaa lile koti. Alikataa kiti, akakaa mkekani mbele ya Koko, magoti yakimfika masikioni, na Baba akafunga mlango kama unavyofungwa siku za kufua shati. Simau aliingiza mkono katika mfuko wa kwanza akatoa mayai, akayaweka mkekani. Wa pili, leso. Wa tatu, karata. Alimwonyesha Koko kila kimoja kilikotoka, akamshika mkono akauingiza mwenyewe apapase. Alimwonyesha hata nyumba ya njiwa. Baadaye nilisoma kwamba watu wa kazi yake hawafanyi hivyo hata kwa wake zao. Alipomaliza alisema maneno machache, na Bwana Zeka, aliyekuwa na mafua ghafla, akayatafsiri: "Mama, anasema yeye anarudishaka tu kile alificha yeye mwenyewe."

Koko aliangalia vitu vile mkekani kwa muda mrefu. "Ule mwana wangu haukumuficha weye," alisema.

"Hapana, mama."

"Sasa wangu iko mu mufuko ya nani?"

Bwana Zeka hakutafsiri, na Simau hakuuliza. Baba alitazama mlango. Kimya kile ndicho kilichokuwa jibu la nchi nzima, ingawa nilikuwa mdogo mno kulijua. Kisha Koko akanigeukia mimi, si kwa hasira, na hiyo ndiyo iliyoniliza. "Na weye? Kule ulikuwa, kulikuwa nini?"

"Hakukuwa kitu, Koko. Nilikuwa chini ya ubao. Kulikuwa giza."

"Ulisikia nini?"

"Nilikusikia weye. Uliniita Rebeka."

Mikono yake ilisimama juu ya shati alilolipakata. "Ulinisikia muzuri?"

"Muzuri sana. Nilishindwa tu kujibu."

Niliona kitu kikipita usoni mwake, si furaha, lakini kitu kilichotulia. "Basi mwenye anafichwa anasikiaka," alisema, kama mtu anayejibu swali alilojiuliza miaka mingi. Akaomba mkasi. Akakata kipande cha shati chini kabisa, ukubwa wa kiganja, na Baba akakipinda kingo kwa mkono, mishono midogo midogo, machozi yakimdondokea vidoleni. Koko akauliza kama kuna mfuko mtupu katika koti lile. Baba akamwonyesha wa saba. Koko akakikunja kitambaa mara mbili, akakitia humo, akapigapiga juu yake kwa kiganja. "Weye unatembea mbali," alimwambia Simau. "Kila fasi kuko bantu bengi, umuoneshe. Yeye ataijua shati yake." Bwana Zeka alitafsiri neno kwa neno. Simau aliweka mkono mahali pale pale, na hakuahidi chochote.

Aliondoka na lori wiki ile. Kabla mwaka kwisha, maduka ya wageni yalitwaliwa na kugawiwa wakubwa, na la Bwana Zeka likapewa mtu ambaye hakuwahi kuuza hata kiberiti. Rafu zilikuwa tupu kabla ya mvua kuisha. Hilo nalo lilikuwa mazingaombwe, ila hapakuwa na sehemu ya kurudisha. Bwana Zeka alivuka ziwa akilia hadharani. Baba alihamishia cherehani nyumbani, na ndani ya kifuniko chake alibandika lile bango lililokatazwa, ili jina la Simau lisipotee. Koko hakulianika shati ndani tena. Alilianika nje, kwenye kamba ya wote, na lile pengo lake chini. Na kila asubuhi alipofagia uwanja alikuwa akimwita Alenga kwa sauti ya kawaida tu, kama unavyomwita mtu aliye chumba cha pili, akimweleza nani ameoa, nani amezaa, mihogo imekuwaje. Majirani walimwacha. Alifariki miaka sita baadaye, akiwa na fagio mkononi, na Alenga alikuwa hajarudi.

Kuishi kwingi ni kuona mengi. Sasa mimi ndiye mwenye mvi. Yote ambayo serikali ile iliyaficha nimeyaona yakirudishwa moja moja: nchi ikarudi kuwa Kongo, tai zikarudi shingoni mwa watu wale wale waliozikataza, nami nikarudi kuwa Rebeka. Vitu vyote vilirudi isipokuwa watu. Tena vita vilivyofuata viliongeza wengine, wa upande wetu wa ziwa na wa milimani pia, na orodha ya Koko iliyokuwa na jina moja mimi ninayo ndefu. Cherehani ya Baba ilibaki na kifuniko chake. Mwaka jana mjukuu wangu Neema alisoma jina kwenye lile bango, akaliandika kwenye simu yake, akaniita. Simau alikuwa humo. Alikuwa amefika mbali: miaka mingi ya televisheni, tuzo, kumbi zilizojaa, watoto wa hospitali aliowatembelea hadi uzeeni. Nilimwona amezeeka jukwaa baada ya jukwaa, masikio tu ndiyo hayakubadilika. Na katika picha nyingi, kati ya watu waliovaa tai, yeye alivaa koti jeusi lililofungwa hadi kooni. Niliujua mshono wa mabega kabla ya kumjua mwenyewe.

Katika picha moja ya video, mwisho wa onyesho, anaigeuza mifuko yake nje, mmoja mmoja, yote sita mitupu, watu wanapiga makofi. Kisha anaingiza vidole viwili chini ya moyo, anatoa kitambaa cha mirabaraba ya bluu kilichofifia, anakikunjua, anakiinua juu, anakizungusha taratibu ili wa kila upande wakione. Watu wanangoja kigeuke njiwa. Hakigeuki. Anakikunja mara mbili, anakirudisha. Mtangazaji anamuuliza hayo ni mazingaombwe gani, na Neema akanisomea jibu lake lililotafsiriwa na kuandikwa chini: "Haya si mazingaombwe. Huyu ninamtembeza tu, mama yake aliniomba." Watu wanacheka, wakidhani ni sehemu ya mchezo. Nilimwomba Neema arudie hapo hadi simu ikazimika.

Neema ni mtoto wa siku hizi, anaamini kwamba kila kitu kilichopotea unaweza kukiandika kwenye simu kikaja. Simkatishi tamaa, mimi pia nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Lakini asubuhi ananikuta uwanjani na fagio, naita majina kwa sauti ya kawaida, naanza na Alenga, nawaeleza habari za nyumbani, na juzi aliniuliza, "Koko, unafikiri wanakusikia?" Nilimwambia wanasikia. Nilimwambia mimi niliwahi kuwa ndani.